Meli kubwa mpya au ndogo kongwe: ipi ya kuanzia safari?



Kila kaskazi ikishika, sisi tunaovuka feri ya Likoni huziona. Jitu jeupe limelala gatini Kilindini, ghorofa juu ya ghorofa, na watalii wamejipanga sitahani wakitupiga picha nasi tukiwapiga. Zamani tulikuwa tukihesabu madirisha yake tu, kisha kila mtu akashika njia yake. Siku hizi mambo yamegeuka. Mawakala wa safari wanatuma matangazo kwenye makundi ya WhatsApp, na watu wetu wameanza kuuliza bei.

Ninaoulizwa nao si matajiri. Ni mwalimu aliyestaafu na kiinua mgongo chake, mfanyabiashara wa Marikiti, kijana aliyerudi kutoka Qatar na akiba ya miaka sita, binti anayetaka kumfurahisha mamake aliyemaliza eda. Swali lao ni moja: "Ndugu, nichukue ile meli kubwa mpya ya Ghuba, au ile ndogo kongwe inayopita visiwani?" Pesa hizi hazipatikani mara mbili. Mtu akichagua vibaya, hana mwaka ujao wa kujaribu tena. Ndiyo maana leo nimeona tulichambue jambo hili kwa utulivu, na mwisho tuangalie linavyotuhusu hata sisi tusiosafiri.

Tuanze na kujua tunazungumzia nini.

Meli kubwa mpya siku hizi ni mji. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na ujazo wa tani 248,663, zaidi ya mara tano ya Titanic. Ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600, mbali na mabaharia. Hiyo ni ya Marekani, lakini huku kwetu upande wa Ghuba ziko kubwa pia. MSC Euribia, iliyojengwa 2023 na inayoweza kubeba wageni zaidi ya 6,000, ilipelekwa Dubai kwa msimu wa baridi wa 2024 na 2025. Na Saudia wana yao, Aroya, yenye urefu wa mita 335, iliyoanza safari kutoka Jidda Desemba 2024.

Meli ndogo kongwe mfano wake mzuri ni Nautica, ambayo imewahi kutia nanga hapa Mombasa. Ilijengwa Ufaransa mwaka 2000, ina urefu wa mita 181, na hubeba wageni wasiofika 700. Ni mmoja wa ndugu wanane waliojengwa baina ya 1998 na 2001 kwa kampuni moja iliyofilisika mwaka huohuo wa 2001. Meli zikagawanywa kwa wanunuzi wengine, zikabadilishwa majina, zikatengenezwa upya ndani, na robo karne baadaye bado wazungu wanazigombania.

Tena meli ndogo kongwe si ngeni kwetu. Miaka ya 1990 Mombasa ilikuwa na meli ya kitalii yenye makao papa hapa, Royal Star, iliyojengwa Italia mwaka 1956. Na kabla yake wazee wetu walipanda Kampala na Karanja za kampuni ya British India, zilizokuwa zikipita baina ya Bombay na Durban na kugusa Mombasa njiani. Tofauti ni kwamba wazee hawakuchagua. Meli ndiyo iliyokuwepo.

Sasa, jambo la kwanza linaloingia katika kichwa cha Mpwani akisikia "meli kongwe" si starehe. Ni maiti. Na hana makosa. Tunaikumbuka Mtongwe ya Aprili 1994, ambapo ndugu zetu 272 walikufa maji. Tunaikumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, chombo kilichojengwa 1967. Miezi kumi baadaye ikafuata Skagit karibu na Chumbe. Ziko familia hapa Mombasa na Tanga zilizosoma khitma kwa ajili ya meli hizo. Kwa hivyo mtu akiambiwa meli ina miaka 25, roho yake hurudi huko.

Lakini tuulize: Spice Islander iliuawa na uzee? Tume iliyochunguza ilikuta kwamba chombo kilichoruhusiwa kubeba watu mia sita hivi kilikuwa na zaidi ya 2,000. Mtongwe nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kilichowaua watu ni tamaa ya nauli na msimamizi aliyefumba macho. Chombo kipya kabisa ukikijaza namna ile kitazama vilevile.

Upande wa pili, Costa Concordia ilikuwa na miaka sita tu, kubwa, inang'aa, ilipogonga mwamba wa kisiwa cha Giglio Januari 2012. Watu 32 walikufa. Nahodha aliipitisha karibu mno na nchi kavu, na amri ya kuondoka melini ikachelewa. Upya wa meli haukumsaidia mtu.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba umri si kitu. Bahari yetu hii imemeza meli kongwe za kitalii. Oceanos, ya mwaka 1952, ilizama pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991. Alhamdulillahi watu wote 571 waliokolewa, ingawa nahodha aliondoka wakati abiria wengi wangali ndani. Achille Lauro, iliyoanza kuundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ilishika moto karibu na Somalia mwishoni mwa 1994 ikazama. Na Februari 2012, mwezi mmoja tu baada ya Concordia, Costa Allegra iliungua chumba cha mitambo ikitoka Bukini. Watu zaidi ya elfu moja wakakaa bila umeme wala viyoyozi mpaka meli ya uvuvi ya Kifaransa ilipowavuta hadi Shelisheli. Hiyo ilianza maisha 1969 kama meli ya makontena.

Kitu kimoja kimebadilika tangu zama hizo. Sheria ya kimataifa ya usalama wa baharini ilikaza masharti kuanzia Oktoba 2010, na meli za abiria zenye mbao na vifaa vinavyoshika moto kwa urahisi zikalazimika kujengwa upya au kuuzwa chuma chakavu. Nyingi zilienda chakavu. Kwa hivyo "kongwe" ya leo katika utalii kwa kawaida ni meli ya miaka 20 hadi 30, si ya miaka 50. Umri huo, kwa meli inayotunzwa, si uzee. Feri za Nyayo na Harambee zimetuvusha tangu miaka ya tisini, na kila mmoja wetu anajua siku mbaya za feri hizo hazikuletwa na tarehe ya kuzaliwa kwake. Zililetwa na injini zisizotengenezwa kwa wakati.

Basi usiulize "ina miaka mingapi?" Uliza "inatunzwa vipi?" Na swali hilo lina njia ya kujibiwa. Kila meli ina namba ya IMO yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina mara tano. Mwambie wakala akupe namba hiyo. Iko tovuti iitwayo Equasis, kujiandikisha ni bure, ukiiweka namba utaona mmiliki ni nani, bendera ya nchi gani, na meli imekaguliwa bandari zipi na kama iliwahi kuzuiwa kwa kasoro. Kama meli hufika bandari za Marekani, idara ya afya ya huko huikagua usafi na kuipa alama kati ya mia. 85 kushuka chini ni kuanguka. Wakala asiyejua jina la meli anayokuuzia, au anayekwepa namba hiyo, mwage kwaheri na ufunge pochi.

Jambo la pili ni bahari yenyewe. Hapa kubwa ina haki yake. Meli ya mita 300 hupanda mawimbi mawili matatu kwa pamoja na hutikisika kidogo. Ya mita 180 huyahisi zaidi. Zote mbili zina mapezi ya chini ya maji yanayopunguza kuyumba, lakini fizikia ni fizikia. Mtu ambaye hulewa bahari hata kwenye mashua ya Mokowe kwenda Lamu, kwake ukubwa ni dawa. Ila sisi watu wa Pwani tuna elimu ambayo mzungu hununua: tunajua miezi. Meli ndogo wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, bahari imelala, si sawa na meli hiyohiyo kusi la Juni na Julai. Ndiyo maana meli za kitalii huja kwetu msimu huo. Ukichagua ndogo, chagua mwezi pia, na omba chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini. Huko mbele na juu ndiko kunakobembea.

La tatu ni dini yetu na chakula chetu, na hili sitalipitia juujuu kwa sababu ndilo mawakala wengi hulikwepa. Meli nyingi za kitalii, kubwa kwa ndogo, zina baa na nyingi zina kamari. Kubwa hukupa nafasi ya kujitenga: sitaha ishirini, unaweza kumaliza wiki bila kupita mbele ya baa. Mikahawa ni mingi, hukosi samaki na mboga. Ndogo haina pa kujificha, ukumbi ni mmoja au miwili. Lakini ndogo ina wema wake. Siku ya pili mpishi anakujua kwa jina, na ukimwambia huli nyama isiyochinjwa kihalali, atakupikia samaki sufuria mbali. Andika ombi hilo wakati wa kulipia, usingoje kufika mezani.

Kwa anayetaka kuondokana na mashaka yote, Aroya ya Saudia haiuzi pombe wala haina kamari. Na angalieni jambo la ajabu: meli hiyo inayotangazwa kama mpya si mpya. Ilijengwa Ujerumani 2017 kwa jina la World Dream, kampuni yake ya Hong Kong ikaanguka 2022, Wasaudia wakainunua na kuitengeneza upya. Kipya kinyemi, lakini mara nyingine upya wenyewe ni rangi na jina.

Swala haina shida kwa atakaye. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na chombo kikiyumba asiyeweza kusimama husali ameketi. Maelezo zaidi muulizeni ustadhi wa msikiti wenu kabla ya kuondoka, asije mtu akafika katikati ya bahari akaanza kubishana na mkewe kuhusu kibla.

La nne ni pesa, na hapa ndipo watu wengi huumia. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja, wawili wakilala chumba kimoja. Anayekwenda peke yake mara nyingi hulipa karibu mara mbili. Juu ya bei hiyo weka bakshishi ya kila siku kwa kila mtu, intaneti, vinywaji, ziara za nchi kavu, bima, tiketi ya ndege ya kwenda kuipanda meli, na viza. Meli kubwa mpya huwa rahisi kwa usiku mmoja kwa sababu gharama inagawanywa kwa maelfu ya watu, lakini imejengwa kama Nyali na maduka yake: kila kona kuna kitu cha kuuziwa, na mtoto akiona hakuelewi. Ndogo kongwe ziko za aina mbili. Ziko zilizochoka, bei rahisi na huduma hafifu. Na ziko zilizotunzwa, bei juu, lakini mengi yamo ndani yake. Usizichanganye hizo mbili kwa sababu tu umri wao ni mmoja. Chukua karatasi, jumlisha kila kitu mpaka siku ya kurudi nyumbani, kisha ndipo ulinganishe.

Na viza nisiisahau. Pasipoti yetu ya Kenya si ya Ulaya. Meli ikitoka Barcelona, ikaenda nchi isiyo ya Schengen na kurudi, utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Bandari tano huenda zikawa viza tatu. Ukikosa moja, unaweza kuzuiwa kupanda na pesa isirudi.

La tano, saa. Norwegian Dawn, meli ya mwaka 2002 yenye nafasi ya wageni zaidi ya 2,000, ilipita Mombasa Januari 2024 na mji ukashangilia. Mwezi uliofuata Morisi iliikataa isishushe watu kwa hofu ya kipindupindu, mpaka vipimo vilipoonyesha haukuwa. Machi hiyo ikaacha abiria wanane kisiwani São Tomé waliochelewa kurudi kutoka ziara, wakalazimika kuifukuzia nchi hadi nchi mpaka Senegal. Meli haingoji, iwe kubwa au ndogo. Kwa kubwa hatari huzidi, kwa sababu kushusha na kupandisha maelfu hula saa, na pale isipoweza kufunga gati abiria huteremshwa kwa mashua kwa zamu. Unaweza kupewa saa nane za mji na mbili zikaisha foleni.

Basi jawabu langu ni nini? Chagua njia kwanza, halafu wenzako wa safari, halafu ukubwa, na umri uwe wa mwisho. Familia yenye watoto wanne, mara ya kwanza, siku saba za Ghuba: ichukue kubwa mpya. Watoto watakuwa na pa kuchezea, bahari ya ndani imetulia, na viza za huko si mlima. Mzee na mkewe wanaotaka kuona Shelisheli, Bukini na Ngazija walikotajiwa na babu zao: wachukue ndogo, hata ikiwa na miaka 25, baada ya kuangalia namba yake, na wasafiri kaskazi. Meli ya watu 6,000 haitawafikisha huko, na ikiwafikisha itawapa nusu siku. Na anayenilazimisha nitaje moja kwa wote, nitasema ndogo iliyotunzwa. Mpwani hana haja ya kwenda baharini kuangalia maduka na bwawa la kuogelea. Anakwenda kuona bandari ya mwenzake.

Sasa niwageukie viongozi wetu, kwa sababu chaguo hilihili liko mbele ya Mombasa. Serikali na washirika wametumia mamia ya mamilioni ya shilingi kuligeuza ghala la gati namba moja Kilindini kuwa jengo la kupokelea abiria wa meli za kitalii. Vizuri. Swali ni jengo hilo tumelijengea meli gani. Kila ikija kubwa, wakubwa hupanga foleni ya kupigwa picha, na hotuba huhesabu vichwa. Lakini vichwa 2,000 vinavyofika asubuhi na kuondoka magharibi, nusu yake wakipakiwa mabasi moja kwa moja hadi Tsavo, vinaacha nini kwa mama wa viazi karai Mackinnon, kwa mchongaji wa Mji wa Kale, kwa kijana anayewatembeza watu Ndia Kuu?

Venice, mji uliokula utalii wa meli miaka mingi, tangu Agosti 2021 umefungiwa mfereji wake mkuu wa Giudecca kwa meli zenye ujazo unaozidi tani 25,000. Walifika huko baada ya kuchoka. Sisi bado hatujaanza, tuna nafasi ya kufikiri. Lamu, mji uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ambako njia ni ya punda wawili kupishana, watu 5,000 kwa siku moja hawatauona na wala hautawabeba. Watu 300 kutoka meli ndogo iliyotia nanga nje watakula mkahawani, watanunua kofia, watalala usiku mmoja wa pili wakipenda.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Meli kubwa ndizo zinazoajiri. Icon peke yake ina mabaharia zaidi ya 2,000, na vijana wetu wanaotoka chuo cha Bandari wanahitaji kazi hizo. Sawa. Lakini kazi hiyo huajiriwa popote, meli ifike Mombasa isifike. Kinachohitajika ni vyeti vinavyotambulika na mawakala wasiowala vijana pesa zao. Tusichanganye kuajiriwa na meli na kutembelewa na meli.

Kwa hivyo ombi langu kwa bandari, kwa kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu: fuateni hizi meli za wageni 300 hadi 700, hata ikiwa zina miaka 25. Wapeni ratiba ya siku mbili, Mombasa na Lamu, na waongoza wageni waliozaliwa hapa. Kubwa zikija, marhaba, tuzipokee. Ila tusijenge nyumba yetu juu ya mgeni wa saa nane.

Nawe msomaji, kama umeshatenga pesa, anza na namba ile ya tarakimu saba kabla hujampa wakala shilingi. Safari njema, na Mwenyezi Mungu awarudishe salama.